Kizibao cha Baba cha Kuwindia

Mwaka jana mwezi wa saba, Jumamosi mchana, simu yangu iliita nikiwa naosha vyombo, na namba sikuijua. Huwa sipokei namba nisizozijua. Hata ninazozijua naziacha ziite mpaka zichoke, halafu naandika ujumbe. Siku ile nilipokea kwa sababu baba alikuwa milimani.

Aliyepiga alikuwa mwenzake baba wa kazini, Mwaustralia wanayefanya naye shifti ghalani. Kaka yake ana shamba huko kusini, mwendo wa saa tano kwa gari, na kila majira ya baridi wanakwenda huko kuwinda kulungu. Baba hana leseni ya bunduki wala haitaki. Yeye anakwenda kutembea nao, kubeba na kuchuna, maana kwa kuchuna hakuna anayemfikia. Namba yangu ndiyo aliyokuwa ameandika ya kupigiwa likitokea jambo, kwa kuwa mimi ndiye ninayesikia Kiingereza vizuri.

Yule mwenzake aliongea taratibu sana, na utaratibu wake ndio ulionitisha. Alisema baba yupo ndani ya gari, hita imewashwa, wamemvua nguo zilizolowa na kumfunika. Alisema alikuwa anatetemeka halafu ameacha kutetemeka, na hiyo si dalili nzuri. Wanampeleka kwa daktari wa mji wa karibu. "Ongea naye kwa lugha yenu. Usimwache alale."

Niliingia bafuni nikafungua bomba ili mama asisikie.

"Umefunga mlango wa kuku?" baba aliniuliza.

Hatuna kuku. Tunakaa Guildford, hapa Sydney, ghorofa ya pili.

"Nimefunga, papa."

"Wameingia wote?"

"Wote."

Sauti yake ilikuwa nzito kama ya mlevi, na baba hanywi, ni shemasi. Nikaongea naye habari za kuku tu. Nilimtajia rangi zao, nikamwambia yupi anataga na yupi mkorofi. Alipokaa kimya nilimwuliza swali. Alipochelewa kujibu nililirudia kwa ukali, mimi ambaye sijawahi kumpandishia baba sauti. Dakika kama arobaini. Mama aligonga mlango akauliza kama nina tumbo la kuendesha. Nikasema ndiyo.

Jumapili jioni baba alirudi na paja la kulungu na sauti iliyokauka. Mama akaambiwa ni mafua. Kwenye ngazi baba alinishika bega: "Mama yako asijue. Presha yake unaijua." Nilikubali. Tangu siku hiyo nilianza kuota ile sauti. Inaniuliza habari za kuku, nami ninakosa la kujibu.

Mwaka huu, mwezi wa sita, tukiwa mezani, alisema wamemwalika tena. Mama akafurahi, akaanza kupanga nyama ya nani na nani kanisani. Mimi nikapoteza hamu ya kula. Sikuweza kumwambia asiende, mama yupo pale. Hata asingekuwepo nisingeweza. Nilichoweza ni hiki tu: "Basi, papa, tununue kizibao cha baridi. Kile cha wawindaji, cha kuvaa ndani ya koti."

"Kizibao! Nakwenda harusini?" Akacheka. Lakini aliniangalia kidogo, na nikajua ameelewa.

Nilikuwa nimeshasoma sana. Wakati wa chakula cha mchana shuleni huwa nakaa maktaba, kwa hiyo muda ninao. Nilitaka kujua baba alikosea wapi, na niliona kwamba alikosea kila kitu. Alivaa fulana ya pamba, juu yake sweta la pamba lenye kofia, juu yake lile koti kubwa la kwendea kanisani. Akapanda mlima na mzigo, akatoka jasho. Pamba ikanywa jasho lote. Halafu wakakaa kimya kando ya kijito kumsubiri kulungu, kwa muda wa saa mbili, na ile pamba ikageuka kitambaa cha maji baridi mwilini mwake. Mwili ulikuwa unauawa polepole na nguo ambazo mama alizipiga pasi kwa upendo.

Wawindaji wanavaa kwa matabaka. Ngozini inakaa sufu nyembamba, ambayo hata ikilowa haikuachi. Juu yake kizibao kilichojazwa. Nje kabisa koti la kuzuia upepo na mvua. Kizibao hakina mikono ili mtu afanye kazi kwa uhuru na makwapa yapate hewa, lakini kifua, mgongo na figo vinabaki na joto. Ukipanda mlima unafungua zipu, ukikaa unafunga. Niliandika yote kwenye daftari. Nililala vizuri usiku ule kuliko miezi yote iliyopita, kama vile kuandika ni dawa.

Jumamosi tulipanda treni mpaka Seven Hills, tukatembea hadi kwenye maghala ambako kuna duka la vifaa vya porini. Nje kulikuwa na mtumbwi wa plastiki, na mlangoni kichwa cha kulungu aliyekaushwa, macho ya kioo. Nilishindwa kuingia kwanza. Baba akapita akamsalimia yule kulungu: "Shikamoo, mzee." Nikacheka bila kupenda.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani shingoni. Nilisimama nyuma ya baba. Baba alinisukuma kidogo: "Haya, mkalimani. Au umemeza ulimi?" Nikafungua daftari nikasoma maswali kama mtu anayesoma somo kanisani, bila kuinua macho. Yule mama hakucheka. Alileta vizibao viwili. Kimoja kilijazwa manyoya laini ya bata, chepesi ajabu, lakini alisema kikilowa kinalala na joto linaondoka. Kingine kilijazwa nyuzi za kutengenezwa, kizito kidogo, kinachovumilia unyevu. Mtu anayebeba na kutoka jasho, alisema, achukue hiki. Akakisugua karibu na sikio langu: kitambaa hakikupiga kelele, maana kulungu anasikia kila kitu.

Halafu akakibana ngumini mwake kikawa kidogo kama embe, akaachia. Kikavimba tena. Akaeleza kwamba nyuzi zenyewe hazina joto, joto linashikwa na hewa iliyokaa katikati yao. Ule uvimbe ndio kazi yake. Nikamtafsiria baba neno kwa neno.

"Sawa, hewa," baba alisema. "Waambie watupe ile saizi kubwa. Mtu mzima havai nguo ya kumbana."

"Papa, ikiwa kubwa upepo unaingia chini. Inatakiwa ikae karibu na mwili."

"Nitaonekana kama nimevaa ya mtoto."

"Nani atakuona? Kulungu?"

Sijui niliitoa wapi. Muuzaji akatutazama, mimi nikataka sakafu inimeze. Kisha baba akacheka mpaka akashika rafu. Tukachukua saizi yake halisi, ya rangi ya chungwa inayowaka, ili hata wasiomfahamu wasimdhanie mnyama. Rangi hiyo niliing'ang'ania mimi. Kuhusu bunduki nilikuwa na hofu nyingine, ambayo sikuwa hata na daftari lake.

Walikuwa waondoke Ijumaa alasiri. Wiki nzima kizibao kilining'inia nyuma ya mlango wa chumba chao, nami kila asubuhi kabla ya shule nilikibana ngumini nikaachia. Kinavimba. Naenda shule.

Ijumaa nilipofika nyumbani saa tisa na nusu, kulikuwa na harufu ya mvuke. Meza ya pasi ilikuwa wazi sebuleni. Kizibao kilikuwa kwenye kiti, kimekunjwa kama shati.

Lazima nieleze kuhusu mama na pasi. Kule kwenye kambi ya wakimbizi ya Kigoma, kama ilivyokuwa kwetu Kongo kabla, kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo iliyoanikwa. Ukiivaa, funza anaingia chini ya ngozi na kukua humo. Mama alimtoa mdogo wake funza saba mgongoni, kwa kukamua. Kwa hiyo kila kinachotoka kwenye kamba hupigwa pasi, ndani na nje: soksi, shuka, chupi, hata taulo. Tumeshamwambia mara nyingi kwamba Sydney huyo nzi hayupo. "Ninyi mnamjua huyo nzi?" anauliza. "Mimi namjua." Na nguo mpya kwake si safi mpaka ifuliwe, maana hajui imepita mikononi mwa nani. Alikuwa amekifua asubuhi, akakianika barazani, kisha akakipiga pasi ya mvuke, juu yake kaweka kitambaa kibichi, kama anavyofanya na suti ya baba. Kwa uangalifu kabisa.

"Unaona?" aliniambia kwa furaha. "Kilikuwa kimevimbavimba kama mtu aliyeumwa na nyuki. Nimekinyoosha."

Nilikishika, nikakibana ngumini, nikaachia. Kilibaki vilevile. Nikakikung'uta, nikakipiga kwa viganja, nikakibana tena. Kilikuwa bapa kama chapati, vitambaa viwili na kitu kigumu katikati.

Baba alitoka kuoga, akakivaa juu ya fulana ya sufu tuliyoinunua pamoja nacho, akajitazama kwenye kioo cha kabati. "Sasa ndiyo kimekaa! Mama, wewe ni fundi." Mama akamfunga zipu, akampigapiga kifuani. Walikuwa wamependeza wote wawili, na mimi ndiye pekee mle ndani niliyejua kwamba baba hajavaa kitu.

"Papa," nilisema kwa sauti ndogo. "Kimekufa hicho."

"Nini?"

"Ile hewa. Haimo tena. Kibane uone."

Alikibana. Akaona. Akamtazama mama, kisha akanitazama mimi kwa macho ya kunikanya. "Kiko sawa," alisema. "Nitaongeza sweta."

Sweta lenyewe lilikuwa juu ya kitanda. La pamba. Lile lile.

Chini, honi ililia mara mbili. Mwenzake kafika. Baba akachukua begi. Mama akaenda jikoni kufunga maandazi ya njiani. Nilisimama kwenye korido kati ya baba na mlango. Niliwaza: nikisema, mama ataanguka na presha, baba hatanisamehe. Nisiposema, kesho mchana simu itaita.

"Mama," nikaita. "Mwaka jana hayakuwa mafua."

"Nyamaza," baba alisema kwa upole, na upole huo uliniumiza kuliko kofi.

Sikunyamaza. Nilisema yote kwa pumzi moja, nikitazama zulia: simu, gari, hita, bomba la bafuni, kuku. Nikasema kwamba pasi imeua kile kizibao na si kosa lake, hakujua, kwa sababu sisi tulimficha jambo ambalo lingemfanya ajue. Nilipomaliza nilisikia mfuko wa maandazi ukiwekwa mezani.

Mama hakuanguka. Alikuja kwenye korido, akamtazama baba muda mrefu.

"Ulimwuliza habari za kuku?"

"Sikumbuki," baba alisema. "Mama watoto, kweli, sikumbuki kitu."

"Hukumbuki." Akanionyesha kwa kidole. "Na huyu mtoto akakaa na hilo mwaka mzima. Mimi nikimwuliza mbona halali, ananiambia mitihani."

"Watu wananisubiri chini."

"Nenda kawaambie, basi. Au niende mimi na Kiingereza changu?"

Honi ikalia tena. Baba alishika kitasa. Nilidhani anakwenda. Aliweka begi chini na kushuka mikono mitupu. Kutoka dirishani nilimwona ameinama kwenye dirisha la gari, yule mwenzake akitikisa kichwa, kisha akitoa mkono nje na kumpiga begani. Gari likaondoka bila yeye. Baba alibaki pale ukingoni mwa barabara na kizibao chake cha rangi ya chungwa, akitazama lilikopita. Nililia nikamaliza kabla hajapanda ngazi.

Aliingia, akavua viatu.

"Umefurahi?"

"Ndiyo," nilisema. Lilikuwa kweli.

Hakuongea na mimi jioni ile, na mama hakuongea naye. Tulikula watu watatu kama wageni wa hotelini.

Kesho yake Jumamosi baba hakuamka kwa wakati wake. Saa tatu, kimya. Saa nne, kimya. Mama alikwenda sokoni. Nilijiambia amechoka, wiki nzima shifti za alfajiri, mwache. Lakini mchana ulivyokaribia, saa ile ile ya simu ya mwaka jana, nikaanza kupita kwenye mlango wa chumba chao. Nilikuwa naufungua kidogo tu, upana wa vidole viwili, nikishika pumzi yangu ili nisikie yake. Ilikuwepo. Nikafunga. Baada ya dakika chache nikarudi. Ilikuwepo. Safari ya nne nilikawia zaidi, kwa sababu blanketi lilikuwa limemfunika mpaka kichwani na sikuona likiinuka.

"Ingia au funga mlango," alisema kutoka humo ndani. "Unaniletea baridi."