Dole Gumba la Mkono wa Kulia

Ko. Ko. Ko. Niliusikia mlio huo nikiwa bado kwenye ngazi za hospitali, kabla sijaona wodi wala kitanda. Kitu kigumu kilikuwa kikigonga chuma, taratibu, bila kuchoka, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamo ndani. Nilipoingia nikamkuta mama. Alikuwa ameinua mkono wake wa kulia uliofungwa hogo, ile plasta nyeupe ya mfupa uliovunjika, akiubamiza kwenye ukingo wa kitanda ili hogo lipasuke. Vidole vilivyochungulia nje vilikuwa na rangi ya zambarau zilizoiva.

Siku mbili kabla alikuwa ameteleza shambani, katikati ya kahawa. Mvua za masika hugeuza mteremko wetu wa Meru kuwa sabuni, na mtu kuvunjika mkono si habari ya kumshangaza jirani. Nilimfuata muuguzi. Alikuwa anachezea simu.

"Huyo mama anadeka," alisema. "Hogo lazima libane. Ndiyo kazi yake."

"Vidole vimekuwa vyeusi, dada."

"Kwani vya kwako ni vyeupe?"

Mwenzake akacheka. Kicheko kile ninacho mpaka leo. Nimekitunza vizuri, kama watu wanavyotunza picha ya harusi.

Daktari alikuja kesho yake mchana. Alinusa kabla hajagusa, akakunja uso kana kwamba mama ndiye aliyekosa adabu. Jioni hiyo walimkata mkono, kati ya kifundo na kiwiko. Hospitali yenyewe siitaji. Ni ya kulipia, ina waridi getini, na ukutani pameandikwa kwamba mgonjwa ni mfalme.

Mahakamani mfalme aliambiwa amejiumiza mwenyewe. Hoja yao ndiyo ilikuwa hiyo: mgonjwa aliugongesha mkono kitandani kwa hiari yake, akaharibu matibabu. Yaani ule mlio, ombi la mama lililosikika ghorofa nzima, waliuokota na kuufanya ushahidi dhidi yake. Nilipoitwa kizimbani nikaulizwa nilisikia nini hasa. Nikajibu: ko, ko, ko. Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, akaandika.

Tulishinda. Hukumu ilisema hospitali ilizembea, na kwamba imlipe mama fidia. Mama hakuuliza kiasi. Aliniomba nimsomee ule mstari wa kuzembea, kisha nimsomee tena. Halafu akaitia hukumu ndani ya bahasha, na bahasha ndani ya Biblia.

Aliyeuliza kiasi ni mjomba, mdogo wake mama. Wiki haijaisha, alikuwa ameshalichagulia rangi gari la Noah ambalo hakuna aliyemwahidi. Na kule mjini, Lemara, ninakopanga chumba, jamaa wa kijiweni alinipiga begani akisema, "Mwanangu, mkono wa bi mkubwa umewatoa kimaisha!" Alimaanisha pongezi. Niliuondoa mkono wake begani, nikapita.

Hospitali ikatangaza kwamba itakata rufaa. Ndipo wakili wetu alipotupandia huko mlimani.

Wakili wetu alikuwa na ofisi mjini, Njiro, na sauti nzito aliyoitumia hata kuagiza chai. Mahakamani aliulilia mkono wa mama mpaka karani akafuta miwani. Nilimwamini siku ile. Leo naona haya kuliandika hilo.

Alifika matope yakiwa mpaka kwenye soksi, akaingia bila kubisha, maana mlango ulikuwa wazi. Mlango wetu huvimba wakati wa mvua. Kuufunga kunataka mkono mmoja wa kuusukuma na mwingine wa kupitisha komeo, na tangu arudi kutoka hospitali mama alikuwa akiuacha hivyo hivyo hadi apite mtu wa kumfungia.

"Shikamoo mama," alisema wakili, akanyoosha mkono wa kulia.

Mama aliutazama ule mkono uliobaki hewani. "Marahaba," akajibu, akampa wa kushoto.

Wakili akaketi mkabala na mimi na mjomba, akafungua mkoba. "Nina habari njema. Wako tayari kulipa nusu, mwezi huu huu. Rufaa, mama yangu, itatuzeesha mahakamani."

"Na hukumu?"

"Tunaiweka kando. Hii haitaitwa fidia tena. Itaitwa kifuta machozi. Hawakiri kosa, ila wanakuonea huruma."

"Kifuta machozi si ndicho wanachopewa watu waliokanyagwa na tembo, kule mpakani mwa hifadhi?"

"Ndicho hicho," mjomba alidakia. "Dada, tembo au hospitali, hela ni hela. Maliza, mgeni ale ndizi ajiendee."

"Tembo hajui," mama alisema. "Yule binti aliyekuwa na simu alijua."

Wakili alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayesubiri mtoto anyamaze. "Huna haja hata ya kusaini, mama. Weka dole tu, hapa chini." Akatoa kikopo cha wino.

Mama aliniambia nisome kwanza, karatasi yote, kwa sauti. Nikasoma. Mlipaji, mpokeaji, bila kukiri kosa lolote, hukumu ifutwe kwa ridhaa. Mwisho kabisa kulikuwa na kisanduku kitupu, na chini yake maneno ambayo sauti yangu iliyafikia kabla ya akili: dole gumba la mkono wa kulia la mpokeaji.

Mjomba akawahi kusema. "Weka la kushoto. Nani ataangalia?"

"Ni fomu tu," wakili alisema. "Wanazichapa hivyo hivyo kwa kila mtu. La kushoto linafaa."

"Uliisoma?" mama akamuuliza.

"Niliipitia."

"Uliipitia."

Alimwangalia kama anavyoangalia kahawa iliyoingia wadudu. Kisha akainua mkono wa sweta, ule mtupu, aliokuwa ameukunja na kuubana kwa pini, akauweka mezani juu ya kisanduku.

"Dole wanalolitaka wanalo wao," alisema. "Hawakunirudishia. Nenda kawaambie walitafute, walichovye wino."

"Mama, ukikataa, kwenye rufaa sitakuwepo. Nakwambia mapema."

"Sawa. Faili langu liache hapa."

Aliliacha, tena kwa kulitupa. Alifunga wino wake, akafunga mkoba, akatoka bila kuaga, akitafuta majani ya kukanyaga ili asizidi kuchafua viatu. Mjomba aliinuka kichovu, uso umemshuka kama mtu aliyeibiwa.

"Ngoja nikufungie, dada."

"Kaa."

Mama akaenda mlangoni. Aliusukuma mlango kwa nyonga, ukagoma. Akausukuma tena kwa bega na goti, uzito wake wote ukiwa kwenye mbao, na kwa mkono wa kushoto akapitisha komeo, kabla wakili hajalifikia gari lake.