Mtani Hafukuzwi Shule

Mimi ni Mzaramo, na miaka ile ya vijiji vya Ujamaa nilipangiwa kufundisha shule ya msingi ya kijijini, ukiiacha Tabora na kushika njia ya Nzega. Walimu tulikuwa wachache, kila mmoja na kwao. Wanafunzi walikuwa watoto wa watu waliohamishwa juzi tu kutoka mashambani mwao, wengi wakija miguu mitupu na tumbo tupu. Mwalimu mkuu alitoka kaskazini, upande wa milimani. Alikuwa mtu mwema, ila kucheka alikuona ni aina ya uvivu.

Asubuhi moja nilichelewa mstarini. Msichana wa darasa la saba, yatima aliyelelewa na bibi yake na mwenye akili kuwashinda wenzake wote, akapiga goti. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitika marahaba. Akainuka, akasema shule nzima ikisikia, "Watumwa wetu wa Kizaramo siku hizi wanalala mpaka jua linawachoma."

Nikamjibu kwamba Mnyamwezi, tangu aache kubeba mizigo ya watu kwenda pwani, hana kazi ila kuchunga usingizi wa wenzake. Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu mkuu alimtoa msichana mstarini, akatangaza kwamba amemfukuza kwa utovu wa adabu. Mtihani wa mwisho ulikuwa karibu. Asipoufanya, ni kuozwa kabla ya mavuno, na hilo kila mtu pale alilijua.

Nilimfuata mwalimu mkuu ofisini. Nikamweleza kwamba sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakizikana njiani na kutaniana juu ya kaburi ili kilio kipungue.

"Utani ubaki nyumbani," akasema. "Hapa ni shule." Akaagiza mlezi wa mtoto aitwe mbele ya walimu wote. Nilitoka nimevimba kwa hasira.

Bibi alikuja kesho yake na kuku wangu kwapani. Kuku wangu hasa, yule wa madoadoa, mtagaji mzuri. Alikuwa amemkamata uani kwangu akipita. Akanitazama nilivyokaa kitini. "Mtumwa wangu umekaa, mimi nimesimama?"

Nikampisha, nikakaa sakafuni.

"Mwalimu, huyo kuku si wako?" mwalimu mkuu akaniuliza.

"Alikuwa wangu."

"Na hukasiriki?"

"Nimekasirika sana. Lakini mtani akichukua, kachukua."

Bibi akamgeukia mwalimu mkuu. "Na wewe mwanangu, watani wako ni akina nani?"

"Huku sina."

Bibi akaacha mzaha. Alimwangalia kama mtoto aliyekutwa nje kwenye baridi bila shuka. "Basi ukitufia huku, nani atawachekesha wanaokulilia? Nani atalala ndani ya kaburi lako akatae kutoka mpaka apewe kitu?"

Nilimwonea mwalimu mkuu huruma, na hasira yangu iliharibika vibaya.

"Chukua mjukuu wangu," bibi akasema. "Kuanzia leo ni mtani wako. Ila mtani hafukuzwi."

Utani haugawiwi hivyo hata kidogo. Bibi alijua, nami nilijua, nikafunga mdomo wangu. Mwalimu mkuu akakubali.

Siku ya mtihani alisimama mlangoni mwa darasa. Msichana akamwamkia, naye akaitika, kisha akakohoa. "Wewe mtumwa, wino wa kalamu yako upo, au umeunywa?"

Haukuwa utani mzuri. Sisi walimu tulitazama viatu vyetu. Msichana peke yake alicheka, akacheka mpaka akashika mlango, halafu akaingia kufanya mtihani.

Tangu hapo, mwalimu mgeni akiripoti, mkuu alimuuliza watani wake kabla ya kugusa cheti chake. Asiyekuwa nao alipelekwa kwa bibi. Mimi nilimshauri kwanza akafungie kuku.