Wajomba Mia Mbili na Kumi na Wanne

Ofisini walimwita Bi Nukta, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Walimbandika wapiga chapa, siku alipowarudishia kitabu kizima cha hesabu cha darasa la tatu kwa sababu ya nukta moja iliyodondoka, hata chumba cha mita tatu na nusu kikawa cha mita thelathini na tano. "Mama, nani atahangaika na nukta?" walimuuliza. "Atakayenunua zulia," akawajibu, akarudi mezani kwake.

Alikuwa msahihishaji wa prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, kwa miaka thelathini na mmoja. Chumba chake kilikuwa na dirisha lililotazama ukuta, meza, rula ya mbao, kalamu nyekundu na kikombe kisichoguswa na mtu mwingine. Na alikuwa na mbinu yake: alisoma kurasa kinyumenyume, kuanzia mstari wa mwisho kupanda juu. Ukisoma kwa kufuata maana, alisema, maana inakubeba, na ukishabebwa huoni tena herufi. Kwa mbinu hiyo alikuwa amepitia mamia ya vitabu bila kujua hata kimoja kinahusu nini, na wala hakuona kama amepungukiwa na kitu.

Vikaja vitabu vya China. Shirika la uchapishaji lilikuwa limepata kibali cha kutoa vitatu kwa Kiswahili, vyote juu ya maisha ya nchi ile katika miaka mia iliyopita. Cha kwanza kilieleza mashamba yaliyogeuka kuwa miji kabla mtoto aliyezaliwa humo hajamaliza shule. Cha pili kilikuwa barua za wasichana wa viwandani kwa mama zao. Bi Nukta alianza barua ya kwanza kutoka chini kama kawaida yake, akafika mstari usemao, "mama, usikiuze kitanda changu," akashindwa kujizuia. Alirudi juu akasoma kama watu wengine. Siku hiyo alisahau kula, na kalamu nyekundu ilikauka wino ikiwa wazi mkononi.

Kwa hiyo cha tatu alikiingia kwa tahadhari. Hiki kiliandikwa na bibi mmoja wa Kichina juu ya ukoo wake mwenyewe, kuanzia nyanya mzaa babu aliyefungwa nyayo kwa vitambaa zisikue, hadi mjukuu anayeongea na wazazi wake kwa simu. Bi Nukta alisoma prufu ya kwanza yote kinyumenyume, kwa nidhamu ya askari, akatia sahihi. Prufu ya pili ilipokuja, Ijumaa asubuhi, akajipa zawadi: sura ya mwisho ataisoma kwa raha zake, kutoka juu.

Sura hiyo ilimhusu mjukuu huyo, mtoto wa kike wa miaka saba. Baba yake alizaliwa peke yake na mama yake alizaliwa peke yake, kwa amri ya serikali ya wakati ule, mtoto mmoja kwa nyumba, na yeye mwenyewe hakuwa na mdogo wala mkubwa. Alikuwa na babu wawili, bibi wawili, baba na mama, basi. Shuleni mwalimu alibandika chati ya majina ya jamaa ili watoto wayakariri, maana nyumbani hapakuwa na mtu wa kuitwa hivyo. Mtoto akakariri: "Mjomba, mjomba, mjomba, mjomba na mjomba."

Bi Nukta alicheka mpaka machozi. Halafu kicheko kikakatika ghafla.

Hakuna mwalimu duniani anayekaririsha neno moja mara tano. Yalikuwa maneno matano tofauti. Wachina, kumbe, walikuwa na neno lao kwa kaka mkubwa wa baba, lingine kwa mdogo wake, lingine kwa ndugu wa mama, na mengine kwa waume wa shangazi na wa mama wadogo. Walipanga jamaa zao kama sisi! Kitabu kilipopita kwenye Kiingereza, ambacho huwaita wote hao kwa neno moja, kikatoka kimesawazishwa kama unga uliochekechwa, na mfasiri wetu, aliyetafsiri kutoka Kiingereza hicho, akaokota mjomba mmoja akawagawia wote. Mwili ulimsisimka Bi Nukta. Watu wa mbali namna ile, wenye herufi ambazo yeye hajui hata kichwa ni kipi na miguu ni ipi, na baba mkubwa wanaye.

Kisha aibu ikamshika, na ilikuwa aibu kwelikweli. Kosa hilo lilikuwa limejaa kitabuni tangu sura ya kwanza, na yeye alilipitia lote akaliwekea sahihi, kwa sababu ukisoma kinyumenyume, mjomba hana herufi iliyokosewa.

Alimpigia simu mfasiri, mwalimu mstaafu aliyeheshimika.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, mama. Kuna nukta imepotea?"

"Kuna ukoo umepotea, Mwalimu." Akamsomea ule mstari.

"Lahaula," mzee akasema. "Mimi nilidhani mtoto anaimba."

Mhariri hakuchukua jambo hilo kwa urahisi. Alikuwa kijana ambaye Bi Nukta angeweza kumzaa, mstaarabu, mwenye mashati yaliyopigwa pasi hata mikunjo ikaogopa. Akaiamuru kompyuta ihesabu: wajomba mia mbili na kumi na wanne.

"Mama, mtambo wa kuchapa tumewekewa Jumatano mchana. Tukiikosa siku hiyo, tunapanga foleni upya. Na mkataba wako, unajua mwenyewe, ni wa mwaka mwaka. Wakubwa wanatafuta sababu tu. Ukichelewesha kitabu, mimi sitakuwa na mdomo wa kukutetea."

"Nimekusikia, mwanangu."

"Msomaji atajua wapi?"

"Msomaji ndiye atakayejua," alisema Bi Nukta. "Ni sisi tuliokuwa hatujui."

Jumamosi asubuhi alimwaga kurasa mia nne kwenye meza ya chakula nyumbani. Alikaa na dada yake mkubwa, mkunga mstaafu, mtu ambaye kwa miaka arobaini hakumpokea mtoto bila kuuliza wa nani, wa ukoo gani, na baba yake kaenda wapi. Katika familia yao ugomvi wa nani ni nani kwa nani ulikomea kwake.

"Nisomee mdogo wangu," alisema, akavaa miwani ingawa hakuwa akisoma yeye. "Huyu wa kwanza kafanya nini?"

"Amekuja kumtolea ukali mume wa dada yake, kwa sababu amempiga mkewe."

"Huyo ndiye mjomba. Mwache alivyo. Mwingine?"

"Amegawana shamba na baba yake mwandishi, akachukua upande wenye kisima."

"Baba mkubwa. Mdogo angepewa kisima na nani?"

Waliendelea hivyo siku mbili. Katika mazishi ya babu walitazama nani aliyetangulia kupiga magoti, na mahali pengine jina la ukoo ndilo lililomtoa mtu upande wa mama na kumrudisha wa baba. Historia ambayo Bi Nukta aliiona kama kitu cha wafalme na majeshi ikawa inapita mezani pao mtu kwa mtu. Vita vilimchukua baba mkubwa. Mume wa shangazi alinyang'anywa ardhi, akasimamishwa mbele ya jirani zake ashitakiwe, miaka ikageuka, na mtoto wake akajenga kiwanda palepale. Dada mtu aliwasahihisha Wachina kama jamaa zake, akiwagombeza waliooa vibaya. "Watu hawa wamebeba mengi," alisema mara moja, akavua miwani. "Mtu mmoja, mambo yote haya, katika umri mmoja?" Bi Nukta naye alikuwa ameshangaa hivyohivyo tangu asubuhi.

Jumapili jioni wanaume wote walikuwa wamepata viti vyao, isipokuwa mmoja.

Huyo alitokea ukurasa mmoja tu. Ilikuwa miaka ya njaa. Kila nyumba ilikuwa imetoa masufuria yake, kijiji kizima kikala jiko moja la jumuiya, kisha nafaka ikaisha na uji ukawa maji. Mwandishi alikuwa na miaka sita. Baba yake alikuwa amepelekwa mbali kuchimba bwawa. Na kitabu kilisema: "Mjomba aliniita nyuma ya jiko, akakwangua sufuria kwa upawa, akaniambia nifumbe macho nifungue kinywa." Alifanya hivyo kila siku hadi majira yakabadilika. Baada ya hapo hatajwi tena.

"Huyu simpati," alikiri dada mtu, na hakuwa mtu wa kukiri. "Hagawani shamba, haendi msibani, hamtetei dada yake. Analisha tu."

Mwalimu alikwisha kumwandikia mwandishi barua pepe. Jumatatu ikapita bila jibu, na Jumanne pia. Jumatano saa sita mchana mhariri akasimama mlangoni, mkono kwenye kizingiti.

"Mama, wote mia mbili na kumi na mmoja umeshawapanga. Wamebaki watatu, na ni mtu mmoja. Weka chochote."

Chochote! Bi Nukta aliutazama ule ukurasa. Kama alikuwa ndugu wa baba, basi alimshikia baba nafasi. Kama wa mama, alimlipia dada yake wema. Mtu ametoa chakula mwaka ambao chakula kilikuwa uhai wenyewe, na yeye amtupie jina la kubahatisha ili mtambo usingoje?

"Nipe kesho," alisema.

"Mama, tumeongea."

"Tumeongea. Mkataba usiuombee, mwanangu. Nipe kesho."

Mhariri akauma midomo, akaenda kupiga simu kiwandani. Sauti yake ilisikika ukumbini akiomba radhi.

Jibu lilifika Alhamisi asubuhi, na Mwalimu hakulituma, alilileta mwenyewe kwa miguu, amelitafsiri kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Walisoma wote watatu wakiwa wamesimama.

"Yule hakuwa ndugu yetu," bibi aliandika. "Alikuwa mshika upawa wa jiko, aliletwa kutoka kijiji kingine. Jina lake la ukoo sikulijua, na sasa hakuna aliyebaki wa kumuuliza. Kwetu mtoto mwenye adabu humwita mwanamume aliye mdogo kuliko baba yake shushu, yaani mdogo wa baba. Mama aliniambia nimwamkie hivyo, nikamwamkia. Ule ukoko ulikuwa haki yake, mpishi hakupewa kingine. Alikufa kabla ya mavuno, na mimi ni mzima. Mfasiri wa Kiingereza aliniuliza kama ni ndugu, nikasema ndiyo. Sikuona kama nimesema uongo."

Mwalimu alikunja ile karatasi, akaikunjua, akaikunja tena. Bi Nukta akavuta kiti, akaketi. Alikuwa ameshika maneno maisha yake yote, akiyapima kwa rula, na hakuwahi kufikiri kwamba neno moja la salamu linaweza kumpa mtu ukoo.

Mhariri ndiye aliyeongea kwanza, taratibu, bila ubishi. "Basi kama si ndugu, 'mjomba' inafaa. Hata mimi muuza magazeti namwita mjomba."

Lilikuwa wazo la haki, na Bi Nukta alilipima. Wajomba mia mbili na kumi na wanne, na huenda Mwalimu alimpatia huyu mmoja bila kujua.

"Mjomba wa njiani unampa neno, unapita," alisema hatimaye. "Huyu mtoto baba yake yuko bwawani. Anayemlisha yuko mbele yake. Nami katika neno alilolitumia naliona neno baba." Akavuta ukurasa, akafuta, akaandika mara tatu kwa wino mwekundu: baba mdogo.

Mhariri akaichukua karatasi aipeleke. Mlangoni alisimama akausoma mstari kwa sauti, kama anayeujaribu. "Baba mdogo aliniita nyuma ya jiko." Alitoka bila kuaga.

Kitabu kilitoka baada ya wiki tano, na mkataba haukuongezwa. Bi Nukta alipewa nakala moja na keki, na wapiga chapa walikuja wote hadi mlangoni kumpa mkono. Nyumbani alimsomea dada yake ule ukurasa, kisha akamweleza yaliyoandikwa kwenye barua, kwamba mtu yule hakuwa wa ukoo na kwamba alikufa.

Dada mtu aliweka mikono mapajani.

"Na alikuwa akiitwa nani?"

"Hakuna ajuaye."

"Hakuna ajuaye vipi, nawe umenisomea sasa hivi?" Akavaa miwani yake. "Alikuwa akiitwa baba mdogo. Nisomee tena, mdogo wangu. Anzia juu."