Mluzi wa Pikapu

Wanunuzi binafsi wa pamba waliporuhusiwa, kila mwenye ng'ombe pale Dutwa alianza kujiona tajiri anayecheleweshwa na kwato. Baba yangu ndiye aliyepatikana vibaya zaidi. Aliuza ng'ombe wote, hata maksai wa kulimia, akarudi kutoka Mwanza na pikapu ya dizeli iliyokwisha kuchoka huko Japani. Mama alimwomba abakize maksai tu. Baba akasema pamba ya msimu mmoja itawarudisha wote, na wengine juu yake.

Pikapu ile ilikuwa na turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, na turbo ile ilipiga mluzi kila gari lilipovuta mzigo. Baba alikuwa amechunga tangu utotoni, akiwaita ng'ombe kwa mluzi, kwa hiyo sauti ile ilimlevya. Tukiisikia kutoka barabara ya Bariadi tulijua anakuja. Nami nilijivuna shuleni mpaka nikachukiza.

Fundi wa mjini alimwambia kwamba akifika asizime injini papo hapo. Aiache ingurume kidogo, oili iendelee kuzunguka, turbo ipoe. Baba alicheka. Dizeli iungue gari limesimama? Mtu aliyeuza maksai wake haelewi maneno kama hayo. Alizima kabla hata magurudumu hayajatulia.

Mluzi ukaanza kuongezeka. Baba akafurahi.

"Bebe, wewe, sikia!" aliniambia akinishika mkono. "Limezoea mizigo. Sasa lina nguvu kuliko siku lilipokuja."

Nguvu gani! Lilikuwa linajikokota hata penye tambarare, linakunywa oili kila safari, na nyuma linatoa moshi wa bluu. Lakini baba alijua wanyama, na mnyama anayekufa hunyamaza. Gari letu lilikuwa linakufa kwa kelele.

Lilifia uani petu, limesheheni pamba ya majirani. Baba alizima kama kawaida yake, injini ikagoma kuzimika. Akachomoa ufunguo, akaruka chini. Injini ikazidi kupanda, ikinguruma yenyewe bila dereva, inachoma oili yake iliyokuwa ikivujia ndani kupitia turbo, moshi ukaifunika nyumba. Watu walikuwa wanashusha magunia huku wakipiga mayowe. Baba alisimama pembeni na ufunguo mkononi, akiutazama. Nilimchukia, na nikamhurumia. Kisha kikasikika kishindo ndani ya injini, na uwanja wote ukawa kimya.

Jioni ile mama aliuliza swali moja tu.

"Ng'ombe akifa tunakula nyama, tunalalia ngozi. Hili tulifanyie nini?"



Msimu uliofuata tulilima kwa jembe la mkono, baba mbele, mimi nyuma yake, mama upande wa pili. Mvua ilikuwa inatuacha na shamba halijafika hata nusu. Siku moja pikapu ya mtu mwingine ikapita barabarani imejaa pamba hadi juu, mluzi wake ukisikika bonde zima. Watoto wa jirani wakaikimbilia wakishangilia. Baba akainua kichwa, akasikiliza mpaka ikapotea.

"Hilo nalo limeshakufa," alisema.

Akainama, akaendelea kulima.