Plagi ya Nyuma

Fundi wa mtaa wetu hujigamba kwamba hubadilisha plagi za injini akiwa amefumba macho. Ni kweli, maana zile za nyuma kwenye gari la spoti la dada yangu hata mwenye macho manne hazioni. Kwanza huvua pete, hupuliza spana, hukohoa kama mgeni rasmi. Jana alitoa koili zote zinazozipa plagi umeme, kwa mbwembwe, akazamisha mkono nyuma ya injini mpaka kiwikoni, kisha akanyamaza. Kunyamaza si tabia yake.

“Fundi, mkono umenasa?” dada akauliza.

“Haujanasa, dada. Unapapasa.”

Ukapapasa mpaka chai yake ikapoa. Mwishowe dada akaumiminia mafuta, ukachomoka umechubuka, plagi kuukuu ikiwa kiganjani. Fundi akaiinua kama kombe.

“Nilikuwa naibembeleza tu,” akasema, machozi yakimlengalenga.