Shati la Kutoka Jandoni

Gari langu kuukuu lilipozima tena njiani kwenda Ruangwa, nilimpigia fundi wangu wa Nachingwea nikamfokea.

"Dada, punguza presha. Mafuta machafu hayo."

"Plagi umebadili, pampu umebadili, bado tu mafuta machafu?"

Mwanangu alikuwa anatoka jandoni kwa bibi yake huko Ruangwa siku hiyo, na nguo zake mpya nilikuwa nazo mimi. Gari lilikuja kuwaka baada ya saa nzima, nikafika ngoma imekwisha. Walimtoa amevaa shati la kuazima.

Fundi wa Ruangwa alipima kwa mita sensa inayoiambia injini umekanyaga mafuta kiasi gani. Namba zikarukaruka.

"Sensa imekufa hii."

Niliporudi Nachingwea nilimwandikia mwenyekiti wa chama cha mafundi wa pale: "Fundi wako alibadili vifaa bila kupima. Mwanangu alitoka jandoni mama yake hayupo."