Risasi ya Hamsini na Mbili

Mtaani walimwita Bwana Upepo, na jina lenyewe lilimkaa vizuri. Kwa miaka thelathini alitengeneza bunduki za upepo katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na mteja aliyelalamika aliambiwa akajifunze kwanza kulenga. "Mimi sikosei," alisema akijipiga kifua. Na kweli, kumkamata na kosa ilikuwa kazi. Ukiniuliza mimi, hilo ndilo lililomponza.

Binti yake wa pekee alikuwa mlenga shabaha hodari. Wiki moja kabla ya mashindano ya kuchagua timu, alimwomba baba yake aiongezee bunduki nguvu, maana uwanja ule una upepo mbaya wa ubavuni. Mzee akakaza springi ya nyundo inayogonga vali ya kutolea hewa. Risasi zikawa zinatoka kwa kishindo, lakini kila moja sasa ilikula hewa nyingi. Akapiga hesabu: mtungi wa bunduki ukijaa, risasi sitini na tatu. Mashindano ni sitini.

"Jaza mara moja tu, usiuguse tena," akamwambia.

Alisahau risasi za majaribio, zile mshindani anazoruhusiwa kupiga kabla ya kuanza kuhesabiwa. Binti alipiga kumi na mbili.

Hadi ya hamsini na moja alikuwa anaongoza. Ya hamsini na mbili ikatua chini ya shabaha, iliyofuata chini zaidi, na timu ikaondoka bila yeye. Jioni alikaa jikoni, mkono wa kulia ameutandaza mezani, anautazama.

"Umeanza, Baba. Kama wa Mama."

Mama yake alikufa kwa ugonjwa wa kutetemeka. Ulianzia mkono huohuo, na miaka ya mwisho alilishwa kwa kijiko.

Kesho yake aliijaza bunduki, akapiga risasi moja moja kupitia mashine ya kupima mwendo wa risasi. Ya sitini na nne ikaporomoka. Ndipo zile kumi na mbili zikamjia akilini, akaona aibu hadi masikio yakawaka moto. Aseme nini, yeye asiyekosea? Akaufyata mdomo. Siku tatu nzima akamwangalia mwanawe akinywa chai kwa mkono wa kushoto.

Siku ya nne yakamfika shingoni.

"Mwanangu, mkono wako mzima. Ni mimi niliyekosea hesabu ya hewa." Akamsogezea karatasi ya vipimo.

Binti aliisoma polepole, kisha akamtazama kwa huruma.

"Umeikaza tena springi kiasi gani ili upate namba hizi?"

"Sijagusa kitu! Haki ya Mungu!"

"Baba, wewe hukosei. Mtaa mzima unajua." Akaikunja karatasi. "Asante kwa kunitafutia maneno. Lakini mimi si mtoto."

"Basi twende uwanjani, nijaze mtungi, upige mwenyewe uone!"

"Nipige kwa mkono gani? Tazama."

Akauinua mkono wa kulia juu ya meza. Ulikuwa unatetemeka kweli, kwa hofu ya siku nne na usingizi wa mang'amung'amu. Mzee aliushika kwa mikono yake miwili, akaubana, na haukutulia.